Mashini ya Kukamula Inataka Bantu Babili

Hiki kidole changu, kile kinakosa ukucha, nimekieleza mara mingi na kila mara ingine. Batoto ba mutaa wa Songo nilibaambia ni mamba wa muto Ruzizi njo alikiluma, minye nikamuluma na yeye, tukaachana bila mushindi. Ba Kimanga nilibaambia ni kiboko. Pastere wetu nilimwambia ni dhambi. Leo nasema kweli, mara moja tu, kwa hiyo mukae vizuri: kililiwa na mashini ya kufula nguo.

Munacheka. Nyinyi munajua mashini ya sasa yenye mulango wa kioo: unafinya, inalia ti-ti-ti, unaenda kulala. Ile kwangu si mashini, ni kabati yenye wazimu. Minye nasema ile ya zamani. Pipa nyeupe ya chuma juu ya miguu ine. Ndani iko kitu sawa mwiko mukubwa, kinatikisa nguo huku na huku. Na juu, ku mudomo wa pipa, iko rulo mbili za mpira, moja inalalia ingine, sawa midomo ya mama mwenye amekataa kukujibu. Unaingiza nguo yenye maji upande huu, rulo zinazunguka, nguo inatoka upande ule bapa, nusu kavu, maji yote inarudi mu pipa. Njo kukamula. Na upande ule lazima iko muntu wa kupokea. Muntu mumoja hawezi kuifanyisha kazi vizuri. Kumbukeni ile neno, juu nitairudilia, na nikiirudilia sitakuwa nacheka.

Nilianza kazi na meno thelathini na mbili, nikamaliza na saba. Katikati pale nilifula nguo ya misioni, nguo ya materinite kwenye bamama banazalia, nguo ya harusi na nguo ya kilio. Kama ningeshona pamoja mashuka yote nilikamula, ingevuka ziwa ikafunika Bujumbura nzima, bantu ba kule bakafikiri mbingu imeanguka.

Mwenye alinifundisha ni muzee Kashindi, mufuaji wa misioni, muntu mufupi mwenye mikono ya kijivu sawa samaki wa siku mbili. Siku ya kwanza hakunionyesha mashini. Alinitupia suruali.

— Fula.

Nikaikamata, nikaenda nayo ku pipa. Kofi ya shingo ikafika mbele yangu.

— Weye! Umeangalia mufuko?

— Hapana, muzee.

— Muntu amekupa suruali. Mufuko hakukupa. Mufuko ungali wake. Unaanza na mufuko, kila siku, kila nguo, hata ikiwa nguo ya mama mwenye alikuzaa.

Haikuwa adabu tu. Musumari mudogo ukipita kati ya rulo, unakata mpira. Na ile rulo haziuzwe Uvira, haziuzwe Bujumbura, haziuzwe popote. Kiwanda chenye kilizizaa kilikufa zamani. Mu mifuko ya bantu nimekuta ndagala kavu, rozari, meno ya bandia, barua ya mapenzi yenye haikutumwa. Mu suruali ya mukatekista mumoja nilikuta kuku analalia mayai saba. Sawa, haikuwa kuku. Ilikuwa yai moja. Lakini ilikuwa ingali na moto.

Kidole sasa. Ile mashini ya misioni ilikuwa na moteri ya esanse chini ya tumbo. Unaipiga teke sawa pikipiki, inanguruma paka viboko ba Ruzizi banaitika. Minye nilikuwa naingiza mashuka, na upande wa pili muzee Kashindi alikuwa ameweka musichana mupya wa kupokea. Musichana wa Mulongwe, amefunga kitambaa ya manjano mu kichwa. Juu ya rulo iko kachuma ka hatari: unakapiga, rulo zinaruka, zinaachana. Muzee alikuwa ameniambia mukono wa kushoto usiende mbali na kale kachuma. Lakini mukono wa kushoto ulikuwa unanyoosha kola ya shati yangu. Shuka ikaingia, kidole kikafuata shuka, minye nikaanza kufuata kidole. Ule musichana hakupiga kelele. Alinyoosha mukono, akapiga kachuma pa! na kiganja, rulo zikaachana.

— Ulikuwa unaangalia wapi, weye?

— Kwako.

— Basi sasa angalia kidole.

Nilisema nitamuoa mbele ya ukucha kuota. Ukucha haujaota paka leo, kwa hiyo sijui kama nilimuoa haraka ao polepole. Njo huyo Mama Zawadi.

Alikuwa mupokeaji mwenye hakuna mwingine sawa yeye. Bantu banafikiri kupokea ni kazi ya bure, unasimama tu. Unavuta, kitambaa kinapinda, kinaenda ku pembeni ya rulo, kinajifunga pale, na hapo muko na kazi ya kukata na kisu. Yeye hakuvutaka. Aliweka mikono miwili chini, wazi, sawa muntu anapokea mutoto kwa mukunga. Babinti bapya bakija, alibaambia neno moja tu:

— Usivute. Pokea. Nguo inajua njia.

Mukitaka kujua makosa yangu, iko mingi, nachagua moja. Utaratibu wa ile mashini ni huu: maji ya moto mara moja, sabuni mara moja, kisha unaanza na nguo nyeupe, unafuata ya rangi, unamaliza na ya kazi na ya matope, yote mu maji ile ile. Unaokoa maji, unaokoa sabuni, unaokoa kuni. Ukigeuza ile mustari, umejiua. Basi ilikuwa karibu na Pasaka, minye mu pipa niko na kanzu za bapadiri, nyeupe, nane. Na Mama Zawadi amenunua kikwembe kyekundu, kitenge kipya kabisa, na minye nilitaka afurahi. Nikasema: kikwembe kimoja, maji ya misioni, nani atajua? Uvira nzima ilijua. Kanzu zilitoka upande wa pili rangi ya ulimi. Mama Zawadi alipokea ya kwanza, akaiangalia, akapokea ya pili, akakaa chini akacheka paka machozi.

Padiri mukubwa akaja, akazitazama ku kamba.

— Kashindi, Pasaka hii tunasoma misa, ao tunaolewa?

Na muzee Kashindi, mwenye alikuwa amenipiga makofi mia juu ya kitu kidogo, akainamisha kichwa akasema: “Ni macho yangu, padiri. Nazeeka.” Akakaa juma nzima anazichemsha, anazianika ku jua, anazichemsha tena. Minye hakunigusa. Siku ile ningetaka kofi.

Ukiniuliza fundi ni nani, nitakuambia hii habari, sitakuambia ya rulo.

Misioni ilipoleta mashini mupya, ile ya zamani ikabaki nyuma ya jiko, kuku banalalia ndani. Nikaomba, bakanipatia. Tuliisukuma ku mukokoteni wa puspus paka Mulongwe, batoto nyuma yetu banaimba sawa tunaleta bibi-arusi. Moteri ilikuwa imekufa. Nikatoa moteri, nikafunga mukono wa chuma ku rulo, na kuzungusha ule mwiko wa ndani nikaweka pedali na munyororo wa kinga, maana yake baiskeli. Kila siku ya posho, ile bengine banaita jumamosi, nyumba yetu ilikuwa senema. Majirani banakuja na bintu byao. Bamoja banasema banaleta nguo, lakini nguo ni soksi moja, bamekuja kuangalia. Minye pedali, minye mukono wa chuma, Mama Zawadi upande wa pili anapokea, na katikati masengenyo ya muji muzima inapita kati ya rulo, inatoka kavu.

Maji ya ziwa haipendi sabuni, hiyo mujue. Maji ya mvua njo tamu. Kwa sababu hiyo tulikuwa na pipa mbili chini ya paa. Wanga wa muhogo, kidogo tu, ukizidisha shati inasimama yenyewe na inaenda kanisani bila weye. Kikwembe kyekundu, siku ya kwanza, maji ya chumvi, rangi ishike. Na bifungo: kunja nguo, ficha bifungo ndani, biingie polepole, vinginevyo rulo inabipasua. Pale minye nilishindwa maisha yangu yote. Minye ni muvunja bifungo wa kwanza ku pwani yote ya Tanganyika. Nikianza hadithi, mukono unakimbia, na kifungo kinalia ka!

— Leo umeua ngapi? Mama Zawadi anauliza kutoka upande wa pili.

— Mbili tu.

— Nimesikia tano.

Mangaribi anakaa ku kiti kidogo na sindano, anashona. Ya majirani, ya batoto, yangu. Hakuna nguo ilirudi kwa mwenyewe bila kifungo. Bantu ba Mulongwe banafikiri paka leo kwamba mashini yangu haikuvunjaka bifungo.

Muto Mulongwe ukajaa, ukaingia mu nyumba. Nyinyi ba Mulongwe munajua, hakuna haja ya kueleza sana. Muto wetu ni mugeni mwenye habishe hodi. Siye tulipanda ku kilima na batoto. Tuliporudi, kitanda kimeenda, sufuria zimeenda, mulango umeenda. Mashini imesimama mu matope paka ku kifua, sawa muzee mwenye amekataa kuhama. Mama Zawadi aliisafisha na mswaki. Juma tatu nzima! Kila jino la munyororo. Nilimwambia, mama, unaipenda kuliko minye. Akasema:

— Hii haisemake bongo, haidanganye muntu.

Alikufa mwaka uliofuata, mu masika. Homa, siku ine. Hapa sina mamba wala kiboko. Siku ine tu.

Sasa musikilize vile desturi iko. Kwetu, muntu akizikwa, nguo zake zinafungwa bando moja, zinawekwa. Siku ya kutoa kilio zinafulwa, zinaanikwa, kisha dada zake na batoto banagawana. Kama hazijafulwa, kilio ingali mu nyumba. Hakuna ngoma, hakuna wageni ba furaha, hakuna muntu anakuja kuposa. Na Zawadi, binti yetu, alikuwa na kijana wake wa Kiliba, kijana muzuri, na bazazi ba kijana bako tayari kuja kubisha hodi. Banangojea kilio itoke tu.

Na minye, siku ya maziko, mbele ya kaburi, mbele ya bantu bote, nilisema kwa kinywa changu: bikwembe bya Mama Zawadi habiendi ku muto, habifulwe ku mawe na muntu yeyote. Nitabifula minye, na mashini yake. Bantu bakasema ndiyo, ni haki. Kwa hiyo bakaningoja.

Mwezi ukaenda. Miezi mitatu. Dada mukubwa wa Mama Zawadi, shemeji Mapendo, akaanza kuja. Huyo shemeji wangu ana mudomo mukali. Akipita ku soko, pilipili inaona haya. Tangu siku nilimuoa mudogo wake aliniitaka Kidole.

— Kidole, bikwembe.

— Mashini imekufa, shemeji.

— Imekufa lini?

— Jana.

— Juma iliyopita ulisema jana.

— Imekufa tena. Ni mashini ya kikristo, inafufukaka.

Alikuwa anacheka, anaenda. Lakini mashini haikuwa imekufa. Iko kachuma kangine kadogo, karefu sawa kidole cha mutoto, banaita gupiye. Njo inashika mukono wa chuma ku rulo. Ukiitoa, unazungusha bure, rulo zinakuangalia tu. Minye niliitoa. Juu shemeji alikuwa anachungulia kila pahali, kila mukebe, nikafikiri: nitaificha wapi pahali hakuna muntu atagusa? Nikafungua ile bando kidogo, nikaingiza mukono mu mufuko wa trikoti ya Mama Zawadi, ile sweta ya kijani ya baridi ya asubuhi, nikaacha gupiye mule, nikafunga haraka.

Mutaniuliza: Muzee, juu ya nini? Umefula nguo ya bantu bamekufa maisha yako yote. Njo sababu. Minye najua maji. Mu ile bando kulikuwa moshi ya jiko lake. Kulikuwa ndagala, mawese, sabuni yake ya kuoga, jasho lake la siku ya posho. Kila juma nilikuwa nafungua pembeni kidogo, napitisha pua, nafunga. Na hakuna muntu Uvira nzima anajua kuliko minye kwamba mashini ile, maji ya mvua ya moto, sabuni nzuri: hakuna kitu kitabaki. Nilikuwa fundi mbaya ku bifungo tu. Ku kutoa harufu, nilikuwa fundi kabisa.

Siku moja nikasema. Bandugu bake bote bamekaa ku kiwanja, bananingoja nijibu, na minye nikasema kweli:

— Nashindwa. Nikibifula, atakuwa amekwenda.

Bakacheka! Shemeji mumoja akajipiga mapaja, anasema, eh, huyu Ba Zawadi, kesho atatuambia mamba njo alikula sabuni. Batoto, sikieni: ukitumia maneno yako yote kwa kuchekesha, siku unataka kulia hakuna muntu atakusaidia. Ile siku nililipia bongo za maisha yote.

Muntu mumoja tu hakucheka. Zawadi. Alikuwa anafagia kiwanja. Kiwanja kilikuwa safi, alikuwa amekifagia asubuhi. Baba ya kijana alikuwa ametuma neno kutoka Kiliba: tumengoja mavuno moja, tumengoja ya pili, mavuno ya tatu hatujui. Zawadi hakuniambia ile neno. Nilisikia kwa jirani. Yeye alinipikia, akaninawisha mikono, akaenda kufagia.

Siku ya posho iliyofuata, asubuhi, shemeji Mapendo akafika peke yake. Beseni ku kichwa, kuni mu mukono. Hakusema Kidole. Akawasha moto, akaweka maji ya mvua juu, akaingia mu nyumba, akatoka na bando, akaikalisha ku jamvi, akafungua fundo.

— Shemeji, mashini...

— Najua. Imekufa jana. Kaa.

Nikakaa. Shati yangu ilikuwa wazi ku tumbo. Kifungo cha tatu kilikuwa kimekwenda tangu zamani, nilikuwa nashikisha na epengle, pini ya kufungia. Akaanza kukamata nguo moja moja. Na kila nguo, mbele ya kuiweka mu beseni, anageuza mufuko. Nikamuuliza nani alimufundisha. Akasema:

— Mudogo wangu. Kila nguo, alisema, hata ya mama yetu.

Pale nikajua nimekwisha. Kikwembe, kikwembe, blauzi, kikwembe kyekundu kile cha kanzu za bapadiri, chenye kimekuwa rangi ya maua ya zamani. Kisha trikoti ya kijani. Akaingiza mukono mu mufuko. Akatoa gupiye. Akaiweka mu kiganja, akaniangalia.

— Hii ni nini?

— Jino ya mamba, nikasema.

Hakucheka. Na minye pia sikucheka.

Akarudisha mukono mu mufuko ule ule, paka chini, vile muntu anafanya kama amefundishwa vizuri. Akatoa kakaratasi kamekunjwa. Ndani ya karatasi, sindano, uzi mweupe umekwisha kutungwa, na kifungo. Nikakijua kile kifungo. Kilikuwa na mashimo mawili na kimepasuka kidogo pembeni, juu minye njo nilikipitisha vibaya kati ya rulo, posho ya mwisho mbele ya homa. “Leo umeua ngapi?” “Moja tu.” “Leta shati kesho.” Kesho ile alikuwa amelala.

Batoto, minye, mwanafunzi wa Kashindi, niliingiza mukono mu ule mufuko na sikutafuta. Nilikuwa naficha, muntu anaficha hatafute. Miezi yote ile nilikuwa nanusa bando sawa mbwa ku mulango, na kitu chenye alikuwa ameniachia kilikuwa mule, chini ya gupiye yangu.

— Simama, shemeji akasema.

Nikasimama. Akatoa epengle, akashona kifungo pale pale, shati iko ku mwili. Uzi ulitosha. Akaukata na meno, karibu na kifua changu, akapangusa macho na mukono wa blauzi, akasema kwa hasira:

— Sasa rudisha ile jino mu kinywa cha mamba.

Nikarudisha gupiye. Nikazungusha mara moja bila nguo. Rulo zikalia kidogo, kisha zikakubali. Tukafula. Nyeupe kwanza, kisha rangi, trikoti mwisho. Minye pedali, minye mukono wa chuma. Na nilipoingiza kikwembe cha kwanza nikainua macho upande wa pili, na pale pale mikono yangu ikasimama, juu hakuwa yeye. Njo ile neno ya kukumbuka: muntu mumoja hawezi. Alikuwa Mapendo, mikono mbele, amekamata ncha ya kitambaa anavuta na nguvu yote, kitambaa kinapinda.

— Usivute, nikamwambia.

— Eh?

— Pokea. Nguo inajua njia.

Akaachilia. Akaweka mikono chini, wazi. Nikazungusha. Kikaja bapa, polepole, upande wake, akakipokea. Tukaendelea vile paka trikoti. Maji ilibaki mu pipa, ya kijivu, na moshi yote ya jiko lake ndani, na minye njo nilifungua bomba chini. Ilienda ku muto. Niliiangalia paka ikaisha.

Kilio ilitoka. Ba Kiliba bakabisha hodi, Zawadi akaolewa, ana mutoto mwenye analia sawa moteri ya misioni. Bandugu baligawana bikwembe. Na hiyo hakuna muntu alinionya: siku zenye zinafuata, unakaa mbele ya nyumba, na bibi yako anapita mu barabara. Kikwembe kya picha za ndizi kinaenda ku Kimanga kununua chumvi. Kyekundu kinaenda misa na mama mwengine munene ndani. Mara ya kwanza nilisimama nikaita jina. Mama akageuka, hakuwa yeye, nikamwambia nilikuwa naita kuku.

Ile mashini ingali. Kuna kijana anataka niiuze sawa chuma ya kuyeyusha. Nilimwambia ndani mwake kuna kiboko. Bamoja kati yenu munakuja posho kuangalia, na munataka kujifunza. Sawa. Mifuko kwanza, paka chini kabisa. Bifungo ndani. Kidole mbali. Mwenye kupokea asivute. Na kazi ikiisha, musikimbie kula: mukaregeze rulo. Muzee Kashindi aliniambia hii, na nilifikiri ni habari ya mpira tu. Ukiacha rulo mbili zinabanana usiku na mchana bila nguo katikati, zinashikana, na siku unataka kuziachanisha moja inabaki na ngozi ya ingine.

Minye nazisahau mara mingi. Siku ya posho, kazi imeisha, shemeji Mapendo anaanika ya mwisho ku kamba, anarudi, anapiga kale kachuma ka hatari na kiganja, pa!

— Kidole, anasema, umesahau tena.

Rulo zinaachana. Minye naangalia kifungo changu, kama kingali.